Jani la Mzazi na Wembe

...basi nitafune kwanza, muhogo wa kuchoma haujui haraka, na mtu mwenye muhogo mdomoni hata padri humsubiri ameze, ndiyo maana niliuma pande kubwa makusudi, nilipomwona Jacqueline anavaa zile glavu zake za mpira nikajua swali linakuja, na limekuja kweli, Bibi, nikate?, amechuchumaa pale chini ya dirisha la jiko langu, mjukuu wangu mwenyewe, mtoto wa Pankras, wembe mkononi, wembe mpya, ameutoa kwenye karatasi yake sasa hivi akaupulizia spiriti, na mbele yake jani langu limesimama kivulini, halina habari, jani la mzazi, fupi, lina vijitawi vitatu tu mwaka huu, majani yake kwa chini ni ya zambarau kana kwamba lilikalia wino, na ni la mwisho... maana jingine hakuna, amezunguka yeye mwenyewe na pikipiki ya kukodi kutoka hapa Kihagara mpaka Lipingo, akapanda milima mpaka kwetu Kitura nilikozaliwa, akauliza wazee, wazee wakamwonyesha mashimo, hapa lilikuwepo, na hapa lilikuwepo, kama mtu anayetembezwa makaburini, akarudi amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, akaniambia Bibi, limebaki lako tu, na mimi nikasema maskini, nikatikisa kichwa kama watu wanavyotikisa msibani, lakini ndani yangu, nisijifiche, kuna kitu kilirukaruka kidogo, limebaki la kwangu tu, mmesikia huko, Notburga ndiye mwenye nalo...

Bibi, umenisikia?, nimesikia, namwonyesha shavu lilivyojaa, asubiri, naye anacheka, mke mwenzangu wewe, unatafuna kama umelipwa kwa siku, mwache anitanie, ni haki yake, mjukuu wa kike na bibi yake wana mume mmoja, na mume wetu Aidan alikwishatangulia, Mungu amrehemu, Mwanglikana yule, alinitoa milimani kwenye kahawa na ubaridi akanileta huku ziwani nikajifunza kuanika usipa, dagaa wetu wa huku, na kunyamaza mbele ya mama mkwe, usipa niliweza... na huyu mama mkwe ndiye mwenye jani, Winifrida, mrefu, mkavu, sauti kama mlango usiotiwa mafuta, ndiye aliyelipanda hapo chini ya dirisha akaniambia, siku hizo mimi mwari tu, sikiliza, mke wa Aidan, hili ni la wanawake waliojifungua, majani machache, unachemsha, mzazi anakunywa, tumbo linarudi mahali pake, lakini chuma kisiliguse, unanyofoa kwa kucha ya kidole gumba, ukilikata kwa kisu litakasirika, litakauka lote mpaka mzizini, na wewe utajibu kwa wanawake wote wa pwani hii, ndivyo alivyosema, na mimi tangu hapo ni kucha tu, hata kisu cha kumenyea viazi nikipita nacho karibu nakificha kwenye kanga kama vile jani lina macho.

Na sasa wembe, tena si wa kificho, wembe wa mchana kweupe, wa mjukuu... mara ya kwanza alipokuja kuomba, baada ya kupata hiyo kazi yake ya maabara huko mjini, nilimwambia kama unataka, ninyofoe mwenyewe, kwa kucha, akakubali kwa heshima, hakubisha, nikamnyofolea vipande akavitia kwenye kiboksi chake cha barafu kama mtu anayesafirisha samaki wa askofu, akaenda navyo, huko wanaotesha mimea kwenye chupa, hakuna udongo, hakuna samadi, kuna kitu kama uji wa mwani ulioganda, una sukari ndani, nilipoambiwa sukari nikasema ndiyo maana vijana wa siku hizi hata mimea yao haiwezi kazi, lakini vipande vyangu karibu vyote vilioza, vikawa vyeusi, vingine vikaota manyoya ya ukungu, na jana jioni tulipokuwa tunachambua usipa mkekani ndipo akanieleza sababu, alizungukazunguka kwanza, akasifu usipa, akasifu mkeka, nikajua kuna neno, akasema Bibi, kucha zinaliponda, pale palipopondeka ndipo panapooza, halafu chini ya kucha kuna wadudu, nikamuuliza wadudu wa nani?, akasema wasioonekana, Bibi, kila mtu anao, nikatazama kucha zangu, kucha zilizomenya mihogo ya ukoo mzima, zilizomtoa baba yake funza, nikasema hao wadudu kama wako hapa miaka yote hii basi ni wanafamilia, akacheka mpaka usipa ukamwagika.

Lakini vitatu vilipona, hilo alinieleza vizuri na nikalielewa, usifikiri kwa kuwa niliishia darasa la nne mimi ni gunia, alisema kuna dawa wanazotia kwenye ule uji, homoni, si mbolea, mbolea ni chakula, hizi ni amri, moja inaliambia jani chipua, toa matawi, nyingine inaliambia shusha mizizi, na zinatiwa kidogo mno, chukua chumvi kwa ncha ya sindano, igawe kwa sufuria zote za Kihagara, ndiyo kidogo hicho, ukizidisha ya kuchipua unapata majani msongamano yasiyo na mizizi, kama wale vijana wa kwenye magenge, suruali nzuri na kwao hawapajui, na ukizitia zote mbili karibu sawasawa jani linachanganyikiwa, halijui limsikilize nani, linafanya donge tu, uvimbe mweupe, halina jani halina mzizi, linakula linanenepa basi, nikamwambia hilo nalijua, hiyo ni nyumba yenye mama wakwe wawili, na mtoto wa Mansuetus wa pale kwenye mnazi ndivyo alivyokua, bibi huyu anamwambia oa, bibi huyu anamwambia soma, sasa ana kitambi na hana kimojawapo... akasema kweli Bibi, hata watu wana homoni, hata wewe, nikamwambia zangu ziliaga zamani, hazikuacha hata anwani.

Basi katika vile vitatu viwili vilibaki madonge mpaka vikawa vya kahawia vikafa, kimoja akapunguza dawa ya mizizi akaongeza kidogo ile ya kuchipua, akienda akirudi, akipunguza akiongeza, kama anayekoroga uji wa mtoto mchanga, na kile kikachipua, Mama wa Mbinguni, nilikiona kwa macho yangu, alikileta hapa Pasaka kwa furaha, chupa kama ya jamu, ndani kijani kibichi, vijitawi vidogo vingi kama vidole vya malaika, majani ya zambarau kwa chini yale yale, nikakishika nikaogopa kupumua, akakiweka dirishani ndani, akatoka kwenda kuwasalimia watu kanisani, na hapo ndipo akaingia jirani yangu Gertruda... Gertruda mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu, mwanamke mwema, mkono mwepesi, akaona chupa, akaambiwa na watoto kwamba ndani kuna jani la mzazi linaloishi bila udongo, akasema kiumbe hiki maskini hakijabarikiwa, akafungua kifuniko, akanyunyizia maji ya baraka ya mkesha, mapya kabisa, akafunga, akapiga ishara ya msalaba, akaja kunieleza mwenyewe kwa sauti ili na mtaa usikie, nimekibatiza, Notburga, sasa kitakua, na kikakua kweli, lakini si jani, ukungu, mweupe, halafu wa kijani, halafu mweusi, wiki haikwisha chupa yote imekuwa sufi, Jacqueline hakumgombeza, alisema tu Mama Gertruda, maji yale yalikuwa kwenye ndoo ya nani?, na Gertruda akalia, akasema ndoo ilikuwa safi, ilikuwa ya dagaa lakini niliisuuza.

Huyo hapo sasa anapita nje ya ua, namsikia ndala zake, anaita hodi, Mama Pankras, mpo?, Jacqueline anamjibu tupo Mama, shikamoo, karibu lakini usisogee huku karibu, na Gertruda, marahaba mwanangu, sisogei, sisogei, safari hii sina hata mate, nasimama hapahapa kwenye mpapai, lakini hawezi kukaa kimya, naona kichwa chake juu ya ua, anauliza analikata kwa wembe?, Notburga, umemruhusu wembe?, na mimi naonyesha shavu langu, ninatafuna, Mungu abariki muhogo... kumbe na yeye anajua habari ya chuma, nani hajui, wanawake wote hapa wanajua, wakisikia jani limekufa kwa wembe wa nyumba ya Notburga nitasemwa mpaka Mbamba Bay, nitakuwa mimi ndiye habari, mimi, ambaye kazi yangu ni kuzipokea tu.

Na hapo ndipo kidonda chenyewe, tukisema kweli, maana naweza kuwadanganya hawa wawili lakini muhogo huu nautafuna peke yangu, siogopi chuma peke yake... jani hili ndilo mlango wangu, mwanamke akijifungua mama yake anakuja kwa Notburga, au shangazi, au mume mwenyewe kwa aibu, na hawezi kunyofolewa majani akaondoka hivihivi, anakaa kwenye kigoda hiki, maji yanachemka, na wakati maji yanachemka mtu anasema, lazima aseme, mtoto kafanana na nani, mama mkwe kaleta nini na hakuleta nini, nani hakuja kuona mtoto na kwa nini, nimeyajua yote hapa, ndoa zote za pwani hii zimepita kwenye sufuria yangu, sasa huyu mtoto anasema yakichipua kwenye chupa yatakuwa mengi, mamia, atawagawia akina mama kila kijiji, kila nyumba na lake dirishani, na mimi nikajiona nimekaa kwenye kigoda changu, sufuria kavu, nasikiliza ziwa tu, ziwa lina kelele lakini halisemi la mtu yeyote... ndiyo maana jana nilisema tutaona, nikasema nimechoka, nikasema mgongo.

Lakini Lidia, eh, Lidia wa Benadetha, wiki hii hii alikuja na mtoto mgongoni, wa kwanza, mwekundu bado, mama yake kamtuma, akasimama pale pale aliposimama Gertruda sasa, akasema shikamoo Bibi, mama anaomba majani, nikatazama vile vijitawi vitatu, nikaona nikinyofoa tena hapa hakibaki kitu, nikasema mwanangu, limechoka, liache lipumzike, chemsha tangawizi tu, akasema asante Bibi, akageuka akaenda, hakukaa, hata kigoda hakukitazama, na nilijua mama mkwe wake hajaja kuona mtoto, nilijua tu kwa jinsi alivyofunga kile kitambaa, na sikuambiwa, na yule wa Tereza kabla yake vilevile, na sasa wanakwenda dukani wananunua majani ya pakiti, wanayachemsha peke yao milango imefungwa, kwa hiyo mlango wangu huu ninaoulinda mbona umeshafungwa, Notburga, nani aliufunga kama si uchache wenyewe, umekaa mlinzi wa lango wasilopita watu...

Bibi, nataka ncha tu, Jacqueline anasema, nasikia kwa mbali, anasema pale panapochipukia, padogo kama punje ya ulezi, hapo ndipo pasafi, kipimo cha dawa ninakijua sasa, sikijui kwa kubahatisha, ninakijua, ninachokosa ni mmea tu, na Gertruda kutoka kwenye mpapai anauliza litakufa?, na Jacqueline anasema sidhani Mama, likikatwa ncha huwa linachipua pembeni, Gertruda anasema apa, na Jacqueline anasema siapi, siwezi kuapa, na hapo moyo wangu unamgeukia huyu mtoto, maana dunia imejaa wanaoapa, mganga aliyempa Aidan unga wa mwisho aliapa, huyu hajaapa, na wembe ameupulizia spiriti tena, mara ya pili, nimemwona, anaogopa kama mimi, angekuwa mwizi wa jani langu angekuwa ameshakata.

Na chuma... chuma, chuma, nani tena alikipigia kelele chuma, si yule yule Winifrida, siku ile Pankras anazaliwa, uchungu ulinishika tukakimbilia zahanati ya masista kwa mtumbwi, yeye kichwani mwa mtumbwi amebeba kipande cha tete alichokichonga mwenyewe cha kukatia kitovu, maana kwao kitovu kilikatwa kwa tete, na yule sista mzungu mnene akachukua mkasi kutoka kwenye maji yanayochemka, unatoa moshi, na mama mkwe wangu akapiga yowe, chuma!, mtoto wa chuma hakai!, atakwenda!, akaangua kilio cha msiba mtoto hajapanguswa hata damu, sista hajui Kiswahili cha kutosha akadhani anafurahi, akamshika mkono akasema hongera, hongera... na mkasi ukakata, mimi nimelala pale nasubiri mtoto wangu afe, nasubiri usiku, nasubiri asubuhi, na yeye ananyonya, na Pankras hakufa, Pankras amekaa, amekaa mpaka tumechoka naye, ana tumbo ana madeni ya pombe ana maneno, na akamzaa huyu mwenye wembe, na baada ya Pankras wote waliofuata walikatwa kwa mkasi na Winifrida hakulia tena, mara ya tatu ndiye aliyeuliza mwenyewe, sista, mkasi umechemshwa?, na lile tete lilibaki limechomekwa kwenye paa mpaka likaliwa na mende, na mimi mbona sikumwuliza wakati ule, mama, na lile jani je, nalo hukujua kama ulivyokuwa hujui kitovu?, sikuuliza, mama mkwe haulizwi, katazo la kitovu nikaliacha, la jani nikabaki nalo, na kumbe alichokuwa anaogopa si chuma, aliogopa chuma kichafu, alishawaona watoto waliokatwa kitovu kwa kisu cha kutu wakakakamaa, angesemaje, hakuwa na neno la wadudu wasioonekana, akasema chuma, akafunga mjadala... na wembe huu umepuliziwa spiriti, nimeona kwa macho yangu, umenuka mpaka huku.

Laiti kama angekuwepo hapo mlangoni, mrefu, mkavu, naona angesonya kwanza, halafu angeuliza umechemshwa?...

Na muhogo umekwisha zamani, natafuna hewa, Gertruda ameona, anasema Notburga, umeze basi, mtoto anaumwa magoti, mwache Gertruda aseme, leo ana midomo miwili, wake na wangu, na mimi nalitazama lile jani, sasa natazama vizuri, si kama mlinzi, natazama kama mama anayempeleka binti mwenye sanduku, hili likifika huko chupani litaambiwa chipua, litachipua, likishatosha litaambiwa sasa shusha mizizi, litashusha, kila jambo na wakati wake, si kama mimi niliyeambiwa yote siku moja, na Jacqueline amesema yakitoka chupani hayaliwezi jua siku za kwanza, majani ni laini mno, yanafunikwa yanafunuliwa kidogokidogo mpaka yazoee, na kule vijijini nani atawafundisha akina mama kufunika na kufunua, si lazima waje mahali, wakae, wangoje, na mtu anayengoja jani lizoee jua husema, lazima aseme, Lidia atakuwa wa kwanza nitamwita mwenyewe, na hata huko maabara kwenyewe sijafika, kuna watu wanafanya kazi wamevaa makoti meupe vyumba vimefungwa kutwa nzima, usiniambie hakuna habari humo... haya, nameza, natoa mkono wangu kwenye goti, wembe bado uko hewani, ameuelekeza kwenye tawi la katikati lile refu, hapana, siyo hilo, mke mwenzangu, hilo la katikati ni jinga, limetazama ziwa maisha yake yote, anza na hili dogo lililoegemea dirisha la jiko, hilo limesikia kila kitu, hilo litachipua.